Hesabu Isiyogawanyika: Kompyuta Inapofanya Kazi Nyingi Bila Kufuli

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye duka katika kata ya Nkuhungu, jijini Dodoma, ana shilingi 50,000 katika akaunti yake ya fedha ya simu. Kwa wakati mmoja, mtu aliyeko Mwanza anamtumia shilingi 10,000, na mwingine aliyeko Kongwa anamtumia shilingi 5,000. Mtoto wa shule ya msingi atajibu kwamba akaunti hiyo sasa ina shilingi 65,000. Hata hivyo kompyuta, ambayo haikosei katika kujumlisha, yaweza kutoa jibu la 55,000. Shilingi 10,000 zimepotea, wala hapana mwizi.

Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini Tanzania mwaka 2008, suala hili si la wataalamu peke yao. Inafaa basi kueleza kosa hilo linatokeaje, na namna linavyozuiwa.

Hatua moja iliyo tatu

Programu kubwa haiendi kwa mstari mmoja tu. Hugawanywa katika mifuatano kadhaa ya maagizo, iitwayo nyuzi, na nyuzi hizo huendeshwa kwa pamoja. Nyuzi hushirikiana katika kutumia vigeu, yaani visanduku vya kumbukumbu vinavyohifadhi namba zinazobadilika.

Agizo la “ongeza 10,000 katika akaunti” laonekana kuwa ni tendo moja. Kwa hakika ni matendo matatu: kusoma namba iliyomo, kujumlisha, na kuandika jibu. Uzi wa kwanza ukisoma 50,000, na uzi wa pili nao ukasoma 50,000 kabla ya wa kwanza kuandika, kila mmoja utajumlisha kwa usahihi. Wa kwanza utaandika 60,000. Wa pili utaandika 55,000 juu yake. Andiko la mwisho ndilo litakalobaki.

Kosa la namna hii ni gumu kulikamata, maana hutegemea bahati ya wakati. Programu yaweza kujaribiwa mara elfu bila dosari, kisha ikakosea siku yenye wateja wengi.

Madhara yake si ya fedha tu. Kati ya mwaka 1985 na 1987, nchini Marekani na Kanada, wagonjwa sita waliotibiwa kwa mashine ya mionzi iitwayo Therac-25 walipata mionzi iliyozidi mno kipimo, na baadhi yao walifariki. Wachunguzi Nancy Leveson na Clark Turner, katika taarifa yao ya mwaka 1993, walionyesha kwamba miongoni mwa kasoro nyingi za programu yake, kazi zake zilishirikiana vigeu bila ulinzi: kukagua kigeu na kukibadilisha hakukuwa tendo moja lisilogawanyika.

Kufuli na kasoro zake

Dawa ya zamani ni kufuli. Mwaka 1965 Edsger Dijkstra, mtaalamu wa Uholanzi, alichapisha ufumbuzi wa namna kompyuta kadhaa zinavyoweza kupokezana ili moja tu iingie katika sehemu ya hatari kwa wakati mmoja. Uzi hufunga, husoma, hujumlisha, huandika, kisha hufungua. Nyuzi nyingine husubiri.

Njia hii ni sahihi, na bado yatumika sana, hasa katika hifadhi za kumbukumbu za fedha. Lakini ina gharama. Uzi wenye ufunguo ukisimamishwa, wote walio nyuma yake husimama. Tena, uzi mmoja ukishika kufuli la kwanza na kungoja la pili, na mwenzake akishika la pili na kungoja la kwanza, zitangojana milele.

Linganisha, kisha badilisha

Njia nyingine ni ya vigeu vya atomi. Neno “atomi”, kwa asili yake ya Kigiriki, ni kitu kisichogawanyika. Wanafizikia wamekwisha kuigawanya atomi, lakini wanakompyuta wamelihifadhi neno hilo kwa maana yake ya awali.

Hapa prosesa yenyewe hutoa agizo la pekee: “Ikiwa kisandukuni bado mna namba niliyoisoma, weka namba hii mpya, la sivyo, usiguse, unijulishe.” Kulinganisha na kubadilisha hufanyika kwa tendo moja, ambalo uzi mwingine hauwezi kuliingilia kati. Agizo hili lilikuwamo katika kompyuta za IBM System/370 za miaka ya 1970.

Turudi kwenye akaunti yetu. Nyuzi zote mbili zimesoma 50,000. Wa kwanza wafaulu kuweka 60,000. Wa pili waja na 55,000 yake, wakuta kisandukuni hamna tena 50,000, nao wakataliwa. Basi wasoma upya 60,000, wajumlisha 5,000, na kuweka 65,000. Hapana aliyefunga mlango. Na uzi mmoja ukilala, wengine huendelea.

Mwaka 1991 Maurice Herlihy alithibitisha kwa hisabati kwamba agizo hili lina nguvu kuliko kusoma na kuandika kwa kawaida, kwani kwa kutumia kusoma na kuandika pekee, hata nyuzi mbili haziwezi kuhakikishiwa kukubaliana jambo bila kungojana. Lugha ya Java iliweka vigeu vya atomi katika maktaba yake mwaka 2004, na lugha za C na C++ zikafuata mwaka 2011.

Njia hii nayo ina mipaka. Huhudumia kigeu kimoja kwa urahisi, lakini kuhamisha fedha kutoka akaunti moja hadi nyingine kwahusu viwili. Tena, namba yaweza kutoka 50,000 hadi 60,000 na kurudi 50,000, na mlinganishaji akadhani hapakutokea kitu. Katika kujumlisha hapana madhara. Penye madhara, kila badiliko huambatanishwa na namba yake ya mfuatano.

Jaribio la darasani

Mwalimu aandike 0 ubaoni. Wanafunzi wawili, kila mmoja akiwa na karatasi yake, waongeze 1 mara kumi kila mmoja: asome ubaoni, ajumlishe karatasini, afute na kuandika. Mwalimu aamue nani asimame na nani aendelee, hata katikati ya tendo.

Jibu linalotarajiwa ni 20. Darasa litafute jibu dogo kuliko yote linalowezekana. Wengi watasema 10. Kumbe ni 2. Asha asome 0 na asimame. Juma aongeze mara tisa. Asha aandike 1. Juma asome hiyo 1 na asimame. Asha amalize mara zake tisa, ubao usomeke 10. Ndipo Juma aandike 2.

Kisha jaribio lirudiwe kwa sharti moja: asiandike mtu kabla ya kuhakikisha kwamba ubaoni pana namba ileile aliyoisoma, na akiisha kuhakikisha asisimamishwe mpaka ameandika. Mwalimu na awasimamishe kwingine kote apendako. Jibu litakuwa 20 daima.