Kukopa Harusi, Kulipa Matanga

Juma lililopita nilipita Kuze, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, nikakuta duka la ami yetu mmoja limefungwa. Wazee wawili walikuwa barazani kama ada yao. Nilipouliza kulikoni, jibu lilikuwa fupi: "Watu wamehamia supamaketi."

Duka hilo ndilo lililotulea. Mama akinituma sukari ya robo na majani ya chai. Pesa zikiwapo nililipa, zisipokuwapo nilisema, "Ami, mama asema uandike." Naye huandika. Ndani ya daftari lile mlikuwa na mtaa mzima: mvuvi aliyezuiwa na kusi, kuli aliyekosa kazi bandarini, mjane aliye edani. Hakutaka riba wala rehani. Rehani yake ilikuwa kujua wewe ni mtoto wa nani.

Sisemi kuwa supamaketi ni shari. Bei zake zimebandikwa, na vijana wetu hupata ajira humo. Wala wenye maduka si malaika wote. Chuoni maalim alitusomesha Suratul-Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja vipimo, na baadhi yetu tuliisoma huku tukimfikiria muuzaji fulani!

Lakini tumtazame mgeni huyu vizuri. Uchumi iliundwa mwaka 1975 na mashirika ya serikali. Mwaka 2006 ilifunga milango kwa madeni, kisha ikafunguliwa tena. Nakumatt, iliyochipuka kutokana na duka la magodoro la Nakuru, ilifikia matawi zaidi ya 60 katika Afrika Mashariki. Kufika mwaka 2017 rafu zake zilikuwa tupu, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifungwe. Miongoni mwao walikuwamo wenye biashara ndogo ndogo waliokwisha kupeleka bidhaa zao wakingoja malipo.

Hapa ndipo penye tofauti. Duka la mtaa humkopesha mnyonge. Duka kubwa hukopa kwa mnyonge. Bidhaa huuzwa leo kwa fedha taslimu, na aliyezileta hulipwa baada ya majuma au miezi. Ndiyo maana Sheria ya Ushindani ilirekebishwa mwaka 2019, ili mnunuzi mwenye nguvu asicheleweshe malipo ya watu pasipo sababu ya haki.

Nilimwendea ami nyumbani kwake nikitaraji kumsikia akiwalaani wenye supamaketi. Hakuwalaani. Alitia kahawa, akafungua daftari, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, si wao walionifunga. Mwisho wa mwezi mwapeleka fedha kule. Tarehe ishirini, mifuko ikishakauka, mwaniletea mimi deni."

Akafunua ukurasa mwingine. Jina langu lilikuwamo: unga, mchele na maziwa ya tangu Ramadhani. Nilikuwa nimesahau, yeye alikuwa amenisitiri.

Nililipa palepale, uso chini. Wahenga walitwambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujaielekeza pesa yako ya kwanza mjini, nawe, ndugu yangu, pitia kwanza kwa ami wa mtaani kwako, ukaulize ukurasa wako unasemaje.