Vijidudu Vinavyopeana Kinga Dhidi ya Dawa

Askari aliyepata kukaa kambini anaijua hofu ya kuhara damu. Maradhi haya hupenda mahali penye watu wengi, maji ya kisima kimoja na vyoo vichache. Kijidudu kinachoyaleta, Shigela, kilitambuliwa mwaka 1897 na Dakta Kiyoshi Shiga wa Japani. Na ni Japani hiyo hiyo ambako, baada ya Vita Kuu ya Pili, madaktari walikutana na jambo wasilolitarajia.

Walikuwa wakitibu kwa salfa, kisha kwa streptomisini, kloramfenikoli na tetrasaikilini. Katika miaka ya 1950 walianza kupata wagonjwa ambao Shigela yao haikushindwa na dawa yoyote kati ya hizo nne. Kijidudu huweza kubadilika kwa bahati kikapata kinga ya dawa moja. Kupata kinga nne kwa mkupuo ni habari nyingine. Tena, tumboni mwa wagonjwa hao hao ilionekana E. koli, bakteria inayoishi utumboni mwa kila mmoja wetu, nayo ikiwa na kinga zile zile. Mwaka 1959 Tomoichiro Akiba na Kunitaro Ochiai, kila mmoja na wenzake, walichanganya vijidudu hivyo viwili maabarani. Shigela iliyokuwa ikiuawa na dawa ikatoka humo ikiwa sugu.

Huko Marekani, mwaka 1946, Joshua Lederberg, kijana wa miaka 21, na Edward Tatum walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba bakteria hukutana na kupeana urithi. Kinachopitishwa zaidi ni plasmidi, yaani pete ndogo ya DNA iliyo kando ya urithi mkuu wa kijidudu. Mwenye pete hutoa uzi mwembamba sana uitwao pilusi, ukamnasa jirani. Uzi hurudi ndani na kumvuta jirani huyo hadi miili ikagusana. Hapo pete, ambayo imefanywa kwa nyuzi mbili zilizosokotana, hukatwa uzi mmoja. Uzi huo hufumuka na kupenya upande wa pili. Kila kijidudu hujijengea uzi uliopungua, na dakika chache baadaye wote wawili wana pete kamili. Mtoaji hakupoteza kitu, na mpokeaji sasa ni mtoaji. Mtunza ghala la silaha yeyote angeutamani utaratibu huo!

Nchi zetu zimeyaonja matokeo yake. Mwaka 1979 Shigela sugu ilizuka mashariki mwa Zaire, ikaenea Rwanda na Burundi. Mwaka 1994, wakimbizi waliokuwa Goma walipigwa kwanza na kipindupindu, kisha na kuhara damu kusikosikia dawa za kawaida.

Ieleweke kwamba dawa haiumbi plasmidi. Huua vijidudu visivyo na pete na kuviachia uwanja vile vilivyo nayo. Askari anayenunua vidonge viwili vya tetrasaikilini dukani kwa ajili ya mafua hatibu mafua, kwa kuwa dawa hiyo haiui virusi; anachofanya ni kuchagua, ndani ya utumbo wake mwenyewe, E. koli zilizo sugu. Hizo hukaa kimya bila kumdhuru, hadi siku Shigela itakapopita. Nayo haihitaji jeshi kubwa: vijidudu visivyofika 100, kutoka mkono wa mpishi mmoja asiyenawa kwa sabuni atokapo chooni, vyatosha kumlaza mtu.