Mamba Aliyegeuka Papa

Mwanachama anayetaka kuiandika upya Mahabharata kwa Kiswahili, naye anachelea kuambiwa ameiharibu, amtazame kwanza kima. Katika Panchatantra ya Wahindi, anayeutaka moyo wa kima ni mamba. Karne ya 8, katika Kalila wa Dimna ya Ibn al-Muqaffa, ni kobe. Kisa kikafika Unguja. Edward Steere alipokichapisha mwaka 1870, kobe amekuwa papa, na mti ni mkuyu. Pwani ilitaka papa, bila shaka! Hila haikuguswa: moyo nimeuacha mtini, turudi nikauchukue.

Basi ndugu, mpandishe Arjuna bodaboda badala ya gari la farasi. Ila ile simanzi ya kuwapiga jamaa zake, umeiweka wapi?