Foronya ya Leso Kuukuu

Sisi tuliobahatika kusoma tumezoea kuyagawa maarifa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale yaliyoandikwa vitabuni, nayo twayaita elimu. Fungu la pili ni yale yaliyomo mikononi mwa watu, nayo tukiyasifu sana twayaita ujuzi wa kienyeji, na tusipoyasifu twayaita umaskini. Mgawanyo huu una madhara yake. Mojawapo nililishuhudia Marafa, katika eneo la Magarini, Kaunti ya Kilifi, nilikokwenda na wanafunzi wangu wanne wa isimu kukusanya msamiati wa ufundi wa nyumbani.

Bibi mmoja alitutolea foronya iliyoshonwa kwa leso kuukuu. Mjukuu wake wa gredi ya tano alikuwa ameagizwa shuleni apeleke kazi ya mshono. Bibi akaketi naye jioni tatu akimwelekeza, na mtoto akashona kwa mkono wake mwenyewe. Kazi ikarudishwa: kitambaa kilitakiwa kiwe kipya, cha kununuliwa dukani. Mama mtu, ambaye riziki yake ni kibarua cha kutwa, akakopa pesa akanunua. Tangu hapo mtoto hakutaka hata kuiona ile foronya ya kwanza.

"Mwalimu," bibi akaniambia, "wewe umesoma. Igeuze ndani nje, kisha nionyeshe penye kasoro."

Nikaigeuza. Pindo zilikuwa zimekunjwa mara mbili, uzi haukuning'inia popote, na mshono ulikwenda sambamba kama mstari wa rula.

Mwalimu aliyeirudisha kazi ile simlaumu sana. Darasa lililofurika watoto halimpi mtu nafasi ya kumwuliza kila mmoja amejifunza kwa nani, na kitambaa kipya huwasawazisha wote machoni pa msahihishaji. Hata hivyo, Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 kuanzia chekechea hadi gredi ya tatu, unahimiza waziwazi matumizi ya vifaa vinavyopatikana katika mazingira ya mwanafunzi. Wazazi waliolelewa chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, wanakumbuka jinsi masomo ya ufundi yalivyogeuka orodha ya vitu vya kununua. Itakuwa ajabu iwapo mtaala ulioletwa kuponya ugonjwa huo utaishia kuambukizwa nao.

Na sasa tuitazame foronya yenyewe, maana imebeba mambo mengi kuliko inavyodhaniwa. Kabla ya kukata, fundi huiinua leso kuukuu na kuielekeza juani. Jua hupenya pale nyuzi zilipolegea, na hapo ndipo asipopataka. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za aina mbili: mtande, yaani nyuzi zilizotandwa kwa urefu, na mshindio, yaani zile zinazopitishwa katikati yake kwa upana. Leso ikikatwa kidogo kwa mkasi ukingoni kisha ikapasuliwa kwa mikono, mpasuko hufuata uzi mmoja na kunyooka bila rula wala chaki. Ndiyo sababu mafundi wa zamani hupasua, hawakati. Lakini akitaka utepe wa kuzungushia kitu cha mviringo, kama vile kitambaa cha kufunikia mtungi, hawezi kupasua. Itambidi akate hanamu, yaani mshazari, kwa sababu kitambaa kilichokatwa hanamu huvutika na kukubali kupinda bila kujikunja. Mwanafunzi wa hisabati anayesumbuliwa na pembe za nyuzi 45 angefaidika kukaa ubavuni mwa fundi huyu kwa robo saa.

Baada ya kupasua huja bandi, mishono mirefu ya kushikiza tu, ambayo hufumuliwa kazi ikishakamilika. Ndipo hufuata mshono wenyewe, kisha pindo. Bibi yule alikuwa na ustadi mmoja zaidi: aliipanga leso hivi kwamba jina lake, yaani yale maandishi yaliyopigwa chapa chini ya mji, likae mdomoni mwa foronya. Alalaye huusoma usemi huo kabla ya kufumba macho. (Sitausema ulikuwa usemi gani, ni wa mke kwa mke mwenza, na bibi aliucheka mpaka akatoa machozi.)

Tena foronya si mwisho wa safari. Leso huanza maisha ikiwa doti, vipande viwili vya kwendea harusini na matangani. Ikififia huwa ya kushindia nyumbani. Ikilainika huwa mbeleko, na mtoto akizaliwa huchanwa ikawa nepi, kwa maana pamba iliyofuliwa mara nyingi ndiyo inyonyayo maji vizuri na isiyomchubua mtoto. Baadaye huwa foronya, au takia lililojazwa usufi au usumba, au ngata ya kuwekea mtungi kichwani, au kitambaa cha kuepulia sufuria. Mwisho kabisa huwa tambara la kupigia deki. Nimeyataja majina haya yote kwa makusudi. Kila hatua ya uchakavu ina jina lake na kazi yake, na asiyeyajua majina haoni hatua; yeye huona nguo nzee tu, akaitupa.

Kwa mwanaisimu, kapu la mshoni wa Magarini ni kama maktaba. Foronya ni neno la Kireno, na leso vilevile, mabaki ya karne zilizofuata kutia nanga kwa Vasco da Gama hapo Malindi mwaka 1498. Mkasi umetoka Arabuni. Cherehani asili yake ni Kiajemi, katika neno lenye maana ya gurudumu. Uzi, mtande na kushona ni vya Kibantu, vyetu tangu hapo. Bibi wa Marafa anayezungumza Kigiriama nyumbani na Kiswahili sokoni huyatumia yote haya katika sentensi moja bila kuombwa cheti.

Wala kutumia upya vitambaa hakukuletwa na dhiki za leso au za leo. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika habari za pwani hii mnamo miaka ya 1516 hadi 1518, alieleza kwamba huko Sofala wenyeji walifuma nguo nyeupe za pamba kwa wingi, na kwa kuwa hawakuwa na ufundi wa kutia rangi, walizinunua nguo za rangi za Kambaya, Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, wakazifuma tena pamoja na nyuzi zao nyeupe. Mfumaji aliyekaa kufumua nguo nzima ili apate uzi wa buluu alikuwa akifanya hesabu ya kibiashara iliyo kamili: anaijua thamani ya rangi, anaijua thamani ya wakati wake, anamjua na mnunuzi wake. Habari hiyo ina umri wa miaka mia tano. Sijawahi kuikuta katika kitabu cha shule cha ushonaji.

Karibu zaidi na nyumbani kuna hando, vazi la wanawake wa Kimijikenda, lenye tabaka za kitambaa zilizokunjwa marinda kwa marinda mpaka likajaa kiunoni. Anayeshona hando lazima ajue kitambaa cha urefu gani kitabaki kiasi gani kikishakunjwa. Huo ni uwiano, hata kama aliyeujua hakuwahi kuuandika ubaoni.

Najua nitaulizwa: je, unataka watoto wa Magarini waendelee kushonea matambara huku wa mjini wakishonea vitambaa vipya? La. Sina haja ya kuupamba ukata. Wala sisemi nchi hii ikubali kuwa jaa la nguo za wenzetu. Nakumbuka kwamba mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliazimia kuacha kuingiza mitumba, na kwamba Kenya ilijitoa katika azimio hilo Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za kibiashara, ilhali Rwanda ilishikilia msimamo wake. Mjadala huo ni mzito na hautatatuliwa kwa sindano. Ninalosema ni kwamba nguo zimekwisha kufika, nyingine hazifai tena kuvaliwa, na ajuaye la kuzifanyia ni bora kuliko asiyejua.

Na kujua huku ni sayansi. Mitumba ya siku hizi imejaa nyuzi za viwandani zilizotokana na mafuta ya petroli. Chomoa uzi mmoja uuguse kwenye moto: wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, wa poliesta huyeyuka, hujikunja, na ukipoa huacha kidonge kigumu. Jaribio hili hufanyika kwa kiberiti na sahani ya maji kando, mwalimu akiwa karibu. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza nchini tarehe 28 Agosti 2017, kina mama wengi wameshona mifuko ya sokoni kwa vitambaa vya namna namna, na humo poliesta hufaa sana kwa kuwa haiozi upesi. Takia la mtoto ni shauri jingine.

Walioko ng'ambo wamekwisha kuamka. Huko Bengali, wanawake walizipanga sari kuukuu tabaka juu ya tabaka na kuzishona kwa mishono midogo ya kupenya zikawa mablanketi yaitwayo kantha, na leo kantha za zamani hutunzwa katika majumba ya makumbusho. Katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, wanawake Weusi walishona mafarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa. Mwaka 2002 mafarishi hayo yalionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha New York, na mwaka 2006 yakatiwa kwenye stempu za posta za Marekani. Sitaki tungoje mpaka mgeni aje kuinunua ngata ya Marafa kwa bei ya sanaa ndipo tuiweke katika somo.

Basi nawaomba walimu jambo dogo. Muhula ujao, kazi ya mshono itakapotolewa, kitambaa kuukuu kikubaliwe sawa na kipya, na mwanafunzi aandike chini yake majina ya kila hatua kama alivyoyasikia kwa aliyemfundisha, kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaotafuta mada za tasnifu wayakusanye majina hayo kabla hayajazikwa na wenyewe. Na wakati wa mtihani, swali la kwanza laweza kuwa hili: kwa nini kitambaa cha kuepulia sufuria kisishonwe kwa shati la poliesta? Aliyekwisha kuutazama uzi ukiyeyuka motoni atalijibu kwa sentensi mbili.