Waamuzi Huandika Nini? Tamasha la Muziki na Mabinti wa Kwale

Kila unapoingia muhula wa pili, mikoba ya wana wetu huanza kurudi nyumbani na karatasi iliyokunjwa katikati: barua ya shule inayomwomba mzazi aridhie mtoto wake kushiriki katika Tamasha la Muziki la Kenya. Kutoka Tiwi hadi Lunga Lunga, kutoka Ukunda hadi Kinango, karatasi hiyo huzua mazungumzo yaleyale. Baba huuliza wataimba nini. Bibi huuliza watavaa nini. Mama, ambaye ndiye atakayetafuta nauli na kufua leso, huuliza watarudi saa ngapi. Mtoto mwenyewe ana swali moja tu, nalo ni kama watashinda.

Juma hili tumeona tuanze na swali la mtoto, kwa kuwa ndilo lisilopata jibu barazani. Wazazi wengi wamewahi kupokea mtoto aliyerudi na cheti akicheka, au asiye na cheti akilia, bila kujua ni nani aliyeamua na kwa kipimo gani.

Tamasha lenyewe ni kongwe. Lilianzishwa mwaka 1927, nchi ikiwa koloni, nalo lilikuwa shindano la Wazungu wenyewe kwa wenyewe, kwa desturi waliyotoka nayo Uingereza: mtu huimba, mwamuzi huketi na kalamu, kisha mwamuzi husimama akaeleza mbele ya hadhara kilichompendeza na kilichomkwaza. Waafrika waliingia baadaye, na ngoma zao baadaye zaidi. Mwaka mmoja tu baada ya shindano hilo kuanza, yaani 1928, Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri. Hakuna mwamuzi aliyempa alama. Waliomhukumu ni watu wa mwambao walionunua santuri zake na kuziimba majumbani mwao. Tunaitaja habari hii kwa sababu njia hizo mbili za kumjua mwimbaji bora, meza ya mwamuzi na sikio la watu, zingali zinashindana hadi leo.

Sasa mambo yanavyokwenda. Shule hujichuja kwanza zenyewe, kisha huenda ngazi ya kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha eneo la Pwani, ambako Kwale hukutana na Mombasa, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Waliovuka hapo husafiri hadi tamasha la kitaifa, ambalo kwa kawaida hufanyika mwezi wa Agosti na huhamahama kutoka mji mmoja hadi mwingine. Shughuli yote iko chini ya Wizara ya Elimu, na waamuzi wengi ni watu wa kazi hiyo: walimu wa muziki, wahadhiri wa vyuo, na watu waliobobea katika ngoma za jadi.

Anayeingia ukumbini kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi palivyo kimya. Meza ya waamuzi huwekwa mbele ya jukwaa, na hakuna anayeruhusiwa kuingia wala kutoka wakati watoto wakiimba. Kikundi kikimaliza, kengele hailii papo hapo. Waamuzi huandika. Ukumbi mzima hungoja kalamu tatu zimalize safari yake ndipo kikundi kinachofuata kiitwe. Kila kikundi huwa na karatasi yake, na juu ya karatasi hiyo mwamuzi huandika maneno kabla ya kuandika tarakimu: sauti zimeshikana au zimeachana, matamshi yamesikika au yamemezwa, mwendo umedumu au umeharakishwa, na kama waimbaji wanaonekana kuyaelewa wanayoyaimba. Mwisho ndipo huja alama juu ya 100. Mara nyingi wa kwanza na wa tatu hutenganishwa na alama moja au mbili, na hapo ndipo machozi hutokea, kwa kuwa mtoto huhisi ameshindwa kabisa ilhali amepitwa kwa unywele.

Kabla ya matokeo kusomwa, mmoja wa waamuzi husimama na kusema. Sisi twaiona hii kuwa ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo watoto wasiyoisikiliza, kwa sababu roho zao ziko kwenye namba. Mwamuzi mzuri hufundisha shule kumi kwa wakati mmoja. Huwaeleza kwa nini sauti ya pili ilizidi ya kwanza, au kwa nini mpiga ngoma aliyekuwa hodari sana aliwaharibia wenzake. Kisha husoma kuanzia nafasi ya chini kupanda juu, na hapo hakuna tena wa kumsikiliza mtu.

Vitengo ni vingi mno kuvitaja. Kuna kwaya zinazoimba wimbo mmoja uliochaguliwa kwa nchi nzima, kuna waimbaji wa peke yao, kuna kughani mashairi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kuna ala, kuna nyimbo za jadi na ngoma za jadi, na taarabu na kaswida nazo zimepata nafasi. Tusifiche kwamba mizani haiko sawa kila mahali. Katika wimbo uliowekwa kwa nchi nzima, shule yenye kinanda na mwalimu anayesoma nota huanza safari ikiwa nusu ya njia. Shule ya bara ya Kinango, ambako watoto hujifunza sauti nne kwa kumsikiliza mwalimu mmoja, hutembea njia yote kwa miguu. Hatumlaumu mwamuzi, kwani yeye hupima alichokisikia. Lakini mzazi anayesikia kwamba kwaya ya shule ya kwao haikuvuka ngazi ya kaunti na ajue kwamba ukosefu wa kipaji ni sababu moja tu kati ya nyingi, na mara nyingi si hiyo.

Katika ngoma mambo hugeuka. Sengenya ya Wadigo na Waduruma haihitaji kinanda. Yahitaji nzumari na mtu mwenye pumzi ya kuipuliza, upatu, na ngoma za sauti mbalimbali: chapuo, vumi, bumbumbu. Wazee wenye ujuzi huo wangali katika vijiji vya Msambweni na Matuga, na shule yenye busara huwaendea mapema. Mwamuzi hapa hutazama jambo moja kwa ukali kuliko mengine, nalo ni uhalisia. Huuliza: je, hivi ndivyo ngoma hii inavyochezwa na wenyewe? Ala ni zao? Lugha ni yao, au watoto wamekariri Kidigo kama kasuku? Na maleba, yaani mavazi ya jukwaani, ni yao?

Hapo kwenye maleba ndipo swali la bibi linaporudi. Kuna mazoea yaliyojengeka katika baadhi ya shule kwamba ngoma ya jadi ni lazima mabega ya wasichana yawe wazi na vichwa vitupu, ati ndivyo wazee walivyokuwa. Mama mmoja wa Msambweni alitueleza kwamba bintiye alitolewa kwenye kundi kwa kukataa kuvua mtandio, akaambiwa mtandio "utapunguza alama". Tumelifikiri neno hilo kwa muda mrefu. Wadigo wamekuwa Waislamu kwa vizazi. Mwanamke wa Kidigo aliyekwenda kwenye harusi ya jirani yake, hata zama za nyanya zetu, alijifunga leso moja na kujitanda ya pili. Ikiwa mwamuzi anatafuta uhalisia, basi binti aliyejifunga leso zake vizuri na kujitanda kichwa ndiye aliye karibu zaidi na ukweli wa ngoma hiyo, na aliyevishwa vipande vya kitambaa vilivyobuniwa wiki iliyopita ndiye anayestahili kukatwa alama. Hoja hii mzazi aweza kuipeleka kwa mwalimu kwa heshima na bila ugomvi. Walimu wengi, tena wasio Waislamu, huikubali mara waisikiapo, maana ni hoja ya muziki kama ilivyo hoja ya stara.

Chakacha ni kesi nyingine, na hapa sisi tuna wasiwasi zaidi. Asili yake ni ngoma ya wanawake, ndani ya ua, kwa ajili ya bi harusi, wanaume wakiwa mbali. Ukiipandisha jukwaani mbele ya hadhara ya kila aina umeshaibadilisha kabla mtoto hajainua mguu, na hapo hata uhalisia wenyewe umeondoka. Shule zinazoichagua kwa sababu hushangiliwa zingefanya vyema kufikiri upya.

Kuhusu ala, wasomaji wetu wanajua kwamba maulamaa wana rai zaidi ya moja, na katika familia moja waweza kumkuta anayekubali dufu pekee na anayekubali zaidi ya hapo. Hatukusudii kuwaamulia. Tunalotaka mjue ni kwamba barua ya shule haimfungi mtoto kwenye kitengo kimoja. Binti ambaye nyumbani kwao hawaridhii ngoma aweza kughani shairi, na kughani hakuhitaji chochote ila sauti, hifadhi na ufahamu wa maneno. Watoto wetu waliolelewa chuoni, waliozoea kutoa herufi mahali pake, huwa na tanguo kubwa katika kitengo hicho, na twashangaa ni wachache mno wanaoingizwa.

Tulinganishe kidogo na tuzo nyingine ambazo watoto wetu huzitazama kwenye simu. Tanzania ilianza tuzo zake za muziki mwaka 1999, na kwa miaka mingi zilibeba jina la bia, Kilimanjaro, iliyokuwa mdhamini. Wimbo bora wa taarabu nao ulikuwa na tuzo yake humo, kwa hiyo mwanamke aliyeimba mafumbo ya kistaarabu alipanda kupokea heshima chini ya bango la pombe. Huko, kura za watu kwa simu zilikuwa na nguvu, na mshindi alikuwa yule mwenye mashabiki wengi walio tayari kupiga kura. Mwaka 2014 Diamond Platnumz aliondoka na tuzo 7 usiku mmoja. Hatusemi hakustahili. Twasema kwamba hicho ni kipimo cha kupendwa, nacho ni kitu tofauti na kipimo cha kalamu tatu zilizo kimya. Bi Kidude, kwa upande wake, alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 huko Newcastle, Uingereza, akiwa ajuza aliyeimba tangu utotoni, na waliompa walikuwa ni jopo la watu wa kazi. Hakuna aliyepiga simu.

Na kuna sauti ambazo hazikupimwa na yeyote. Mwaka 1963, tume ya wanamuziki ilipotafuta wimbo wa taifa, akiwemo Kasisi Thomas Kalume wa hapa Pwani, na Graham Hyslop, na George Senoga-Zake, lahani waliyoichukua ilikuwa ya wimbo wa Wapokomo wa Tana River. Ulikuwa wimbo wa mama kumbembelezea mtoto. Kila asubuhi ya gwaride, shule zote za Kwale husimama wima kwa sauti iliyotoka kibarazani mwa mwanamke ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Sasa heshima zenyewe. Mzazi asitarajie fedha. Mshindi hupata cheti, na shule hupata kombe. Kombe hilo huzunguka: jina la shule huandikwa, hukaa kabatini mwa mwalimu mkuu mwaka mmoja, kisha hurudishwa ili lishindaniwe tena. Baada ya tamasha la kitaifa, baadhi ya vikundi bora huteuliwa kwenda kutumbuiza mbele ya Rais, na onyesho hilo limewahi kufanyika Ikulu, Nairobi, na pia katika nyumba ya Rais ya Sagana. Kwa mtoto wa Shimoni au wa Vanga, ambaye pengine hajapata kuvuka kivuko cha Likoni, hiyo ni safari ya kusimuliwa hadi uzeeni. Kwa wazazi wake ni usiku kadhaa wa mashaka. Basi iulizwe shule, kabla ya kutia sahihi: nani mwalimu wa kike atakayefuatana nao, watalala wapi, chakula kitakuwa cha halali, na nafasi ya sala itapatikana vipi siku za mashindano, ambazo huanza asubuhi na huweza kuendelea hadi usiku. Shule iliyojiandaa hujibu maswali haya kwa dakika tano. Isiyoweza kuyajibu bado haiko tayari kusafiri na watoto wa watu.

Mwisho kuna ile karatasi ya waamuzi. Watu huipigania alama iliyo chini yake, kisha huisahau. Hukabidhiwa shule baada ya mashindano, na kwa kawaida huishia kwenye jalada la mwalimu wa muziki. Mzazi ana haki ya kumwomba mwalimu amsomee, au amruhusu mtoto ainakili kwenye daftari. Aliyeandikiwa mwaka jana "maneno ya mwisho wa mshororo hayasikiki" huwa anajua, ifikapo Mei, mahali pa kuanzia mazoezi.