Mkweche unanuka moshi? Usikimbilie kuuza kiwanja!

JUMAMOSI moja tulitoka Mbagala Rangi Tatu, familia nzima, kwenda kwenye sendofu Kinondoni. Gari ni la mjomba, stesheni wagoni ya dizeli ambayo umri wake unanizidi mimi. Anti, mke wa mjomba, kavaa kitenge kipya. Dada kajipulizia marashi ya kusikika mtaa wa pili. Na mimi nimepiga pasi shati mpaka mikunjo inakata, maana huko Kinondoni kulikuwa na mtu wangu wa kumwona.

Kufika foleni ya Kwa Aziz Ali, harufu ikaanza. Kufika Uhasibu, macho yanawasha na kichwa kinagonga. Mdogo wetu wa miaka sita, aliyekaa siti ya nyuma kabisa, katapika. Tulipoteremka, msomaji wangu, marashi hakuna tena. Wote tulinuka kibatari. Yule niliyemfuata kanisalimia kwa mbali, kisha kaniuliza kwa upole kama siku hizi nimepata kazi kituo cha mafuta. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatatu mjomba kapeleka gari gereji ya chini ya mwembe. Kijana wa pale kawasha, kapiga resi mara mbili, moshi mweusi kidogo ukatoka, kafunga boneti.

"Mzee, injini imekwisha hii. Ringi zimekufa. Tuteremshe, tufanye ovaholi."

Bei aliyotaja ilimfanya mjomba akae juu ya tairi bovu. Usiku nikamsikia akimnong'oneza anti habari za kile kiwanja cha Chamazi, kiwanja alicholipia kidogo kidogo kwa miaka minne. Hapo ndipo na mimi nikafungua mdomo: "Mjomba, kabla hujauza ardhi, twende Temeke kuna mzee mmoja fundi wa pampu na nozeli. Tumsikie tu."

Yule mzee, tulipomaliza kumpa shikamoo, hakushika spana kwa robo saa nzima. Aliuliza tu kama daktari. Inanuka asubuhi au siku nzima? Moshi rangi gani? Maji yanapungua? Oili je? Harufu iko ndani ya gari au nje? Mjomba kababaika. Miaka yote anaendesha, hajawahi kusimama nyuma ya gari lake akautazama moshi.

MOSHI UNASEMA

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Hewa inabanwa kiasi cha mara 20 mpaka inapata joto la zaidi ya nyuzi 500, kisha nozeli inapuliza dizeli kama ukungu na inawaka yenyewe. Ukungu ukiwa mzito, hewa ikiwa haba, au mbano ukiwa hafifu, dizeli haiungui yote. Ile isiyoungua ndiyo inayonuka na kuwasha macho.

Sasa tazama rangi. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Mtuhumiwa wa kwanza ni eya klina. Kwa vumbi la Chamazi na Mbande, linaziba upesi, na fundi wengi huligonga kwenye tairi na kulirudisha. Nunua jipya. Moshi ukiendelea, angalia nozeli zinazodondosha, au pampu iliyofunguliwa "iongezwe nguvu" na mjuaji fulani.

Moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi asubuhi, kisha unapotea injini ikipata moto, mara nyingi ni hita plagi zilizoungua. Usipopotea, taimingi ya pampu imechelewa au mbano umeshuka. Lakini mweupe wenye harufu tamutamu, na maji ya rejeta yanapungua, huyo ni adui mwingine: gasketi ya silinda hedi. Chomoa kijiti cha oili. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, usiliwashe tena, vuta kamba mpaka gereji.

Moshi wa bluu ni oili inaungua. Hapo ndipo ringi, sili za valvu au turbo huingia kwenye orodha. Gari la mjomba halikutoa bluu hata chembe, na oili ilikuwa haipungui. Sasa zile ringi za kijana wa mwembeni zilikufa lini na zikazikwa wapi?

PUA NAYO NI FUNDI

Mzee kafungua boneti, kainama, kanusa. Kaniita: "Kijana, weka pua hapa." Juu ya nozeli kuna vimpira vyembamba vya ritani, vinavyorudisha dizeli iliyobaki. Vilikuwa vimepasuka kwa uzee, vinatoa jasho. Dizeli inadondokea kwenye injini ya moto, inafuka, na mvuke unaingia ndani kupitia matundu ya hewa ya dashibodi. Kumbe nusu ya harufu wala haikutoka kwenye eksozi!

Kisha kalegeza nati za bomba za nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikinguruma taratibu. Tatu za mwanzo, kila akilegeza injini inatetemeka. Ya nne, kimya, hakuna tofauti. Ndiyo mgonjwa. Kazichomoa zote nne, kazipima kwenye mashine yake. Tatu zilipuliza ukungu safi, ya nne ilikojoa kama bomba la mtaani.

Angalizo, mshikaji wangu: mchezo huo ni wa injini za zamani zenye pampu ya kawaida, na ni wa fundi. Presha ya nozeli hata hizo za zamani ni zaidi ya mara mia ya presha ya hewa tunayovuta. Ukiweka kidole, dizeli inatoboa ngozi na kuingia mwilini, na hilo ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Gari jipya la komoni reli usiliguse kabisa.

MLANGO WA NYUMA

Mwisho mzee kazunguka nyuma. Kafungia karatasi mlangoni, kaivuta, ikatoka yenyewe. Raba ya mlango imekufa. Gari likitembea, hewa ya nyuma inajizungusha na kubeba moshi wa eksozi. Ikikuta mwanya, inaingia ndani. Ndiyo maana aliyetapika ni mtoto wa siti ya nyuma. Ukifungua kioo cha nyuma peke yake ndiyo unaukaribisha kabisa.

Na eksozi nayo ikaguliwe. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, mwenzako abane tundu la nyuma kwa kitambaa sekunde chache. Ukisikia "fsss" chini ya gari, au ukiona masizi kwenye maungio, panavuja. Usifanye hivyo ndani ya banda lililofungwa. Moshi una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua.

Wengine watasema ni mafuta mabaya. Inawezekana. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta kuwanasa waliochanganya dizeli na mafuta ya taa, enzi ambazo neno "kuchakachua" lilivuma mji mzima. Bajeti ya 2011 nayo ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili biashara hiyo isilipe. Na tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa kidogo. Kwa hiyo ukijaza kituo kingine na harufu ikabaki ile ile, usisingizie kituo. Tafuta kwako.

Usiseme pia kwamba moshi ni kero tu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ukiwa na mkweche unaobeba watoto kwenda shule, fikiria hilo kabla ya kununua redio mpya.

Mjomba kalipia vimpira vya ritani, nozeli moja, washa za shaba, eya klina na raba ya mlango. Injini haikuteremshwa. Kiwanja cha Chamazi kipo, na juzi kapeleka tripu ya kwanza ya mchanga.

Jumapili iliyofuata nilimwomba gari niende Kinondoni. Kanitazama, kacheka, kanipa ufunguo. Yule mtu wangu kaingia, kanusa mara moja, kanusa mara ya pili, kisha kafunga mkanda.

Sijaambiwa ndiyo. Ila safari hii kakaa siti ya mbele.