Nyumba Ntobhu ya Magazetini na Nyumba Ntobhu ya Watafiti

Mwanafunzi wa chuo anayetokea Kiabakari, mkoani Mara, akitaja kwamba anaandika tasnifu kuhusu wapenzi wa jinsia moja na vyombo vya habari, haichukui muda kuulizwa: "Si huko kwenu Mara wanawake wanaoana?" Akiingia mtandaoni atakuta picha na habari za nyumba ntobhu, desturi ya Wakurya ya mwanamke kumwoa mwanamke mwenzake, ikiwemo ripoti ya jarida la Marie Claire ya mwaka 2016 kutoka Nyamongo, Tarime.

Ripoti ile ilieleza wazi kwamba wanawake hao hawaoani kwa sababu ya mapenzi. Mama mwenye ng'ombe asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari binti. Binti huzaa na mwanamume, watoto wanahesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mama, na mali haitoki kwenye boma. Lakini picha na kichwa cha habari husafiri haraka kuliko maelezo, na wanaobandikwa sifa isiyo yao ni akina mama wa kijijini ambao hawana gazeti la kujibia. Jambo hili linaniuma.

Utafiti wenyewe upo, na ni wa siku nyingi. Tatizo ni kwamba haukai chini ya maneno ambayo magazeti huyatumia. Ukitafuta LGBT na Mara kwenye Google Scholar, unaweza kuwapita watafiti wote muhimu. Anza na jina la kabila, pamoja na maneno ya Kiingereza ya ndoa na ukoo, na ujaribu tahajia zote mbili, Kurya na Kuria. Hapo utamkuta Hugo Huber, mwanaanthropolojia wa Uswisi, aliyeandika kuhusu ndoa za wanawake Afrika Mashariki katika jarida la Anthropos mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha mwaka 1973 akatoa kitabu kuhusu ndoa na familia kwa Wakwaya wa Musoma. Utamkuta pia Eva Tobisson na kitabu chake cha 1986 kuhusu familia za Wakurya.

Ukishapata makala moja, bonyeza kiungo kinachoonyesha nani wameinukuu. Kwa njia hiyo unaweza kufika kwa Regine Smith Oboler, aliyechapisha mwaka 1980 makala kuhusu Wanandi wa Kenya. Swali lake lilikuwa: mwanamke aliyeoa ni mwanamume? Jibu lake linataka kusomwa polepole. Kwenye mali na urithi jamii humshikilia kuwa mwanamume, maana mali hurithishwa kupitia wanaume. Kwenye shughuli nyingine za kila siku, uanaume wake hauonekani sana. Hilo hulipati kwenye kichwa cha habari.

Kama nia yako ni wapenzi wa jinsia moja hasa, na namna wanavyoandikwa, Uganda ina mengi zaidi. Sylvia Tamale, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Makerere, aliandika katika toleo la 2003 la jarida la Feminist Africa, linalosomwa bure mtandaoni, kuhusu mjadala mkali wa ushoga uliozuka Uganda. Miaka saba baadaye gazeti dogo la Kampala, Rolling Stone, lilichapisha majina na picha za watu likiwaita mashoga na kutaka wanyongwe. David Kato na wenzake wawili walilishtaki, na Mahakama Kuu ikaamua mwishoni mwa 2010 kwamba haki zao zimevunjwa. Wiki chache baadaye, Januari 2011, Kato aliuawa nyumbani kwake. Kwa hiyo unapomhoji mtu kwa ajili ya tasnifu yako, jina lake, kijiji chake na sura yake vibaki kwenye daftari lako tu.

Makala nyingine utakuta zimefungwa kwa malipo. Usikate tamaa mapema. JSTOR huruhusu kusoma makala kadhaa bure ukijisajili, na maktaba ya chuo chako huenda imelipia nyingine. Ikishindikana, mwandikie mwandishi barua pepe fupi ya heshima ukisema wewe ni nani na unachunguza nini. Wengi hutuma nakala bila kudai chochote.